Mpaka muamala usome

Mama yangu anauza mitumba pale soko la Karume, Dar. Mimi nauza rangi za bunduki ambazo hazipo. Tunakaa nyumba moja, Buguruni, na ukituuliza nani kati yetu anafanya biashara ya kueleweka, hata mimi nitamnyooshea kidole yeye.

Naandika hii kwa sababu ya meseji. Tangu niposti picha ya kisu changu cha kwenye gemu mwaka juzi, haipiti wiki bila mtu kuniandikia: "Kaka shikamoo, nielekeze na mimi nipige hela kwenye gemu." Mmoja aliniambia ameacha kazi ya kusaidia fundi friji ili awe na muda. Huyo ndiye aliyenitisha. Kwa hiyo haya ni majibu yenu wote, na yule wa friji asome mara mbili.

Gemu lenyewe ni Counter-Strike. Watu watano dhidi ya watano, wa upande mmoja wanatega bomu, wa upande wa pili wanazuia. Agosti 2013 wenye gemu, Valve, waliongeza kitu kimoja: rangi za silaha, tunaziita skini. Skini haikupi nguvu yoyote. Bunduki yenye rangi ya dola elfu moja inaua sawasawa na ile ya bure. Ni pambo tu, kama kofia ya bei mbaya kichwani mwa konda. Lakini kwa sababu mnaweza kubadilishana na kuuziana, zikageuka mali.

Mimi nilianza 2016, kwenye kafe moja ya intaneti Kariakoo, ghorofa ya pili, shilingi elfu moja kwa saa. Mashine zilikuwa za zamani, na seva za karibu zilikuwa Afrika Kusini na Dubai, kwa hiyo ulikuwa unakufa kwanza, ndipo unamwona aliyekuua. Sikuwa mchezaji mzuri. Ila ukicheza ulikuwa unadondoshewa makasha ya bure, yaani maboksi yaliyofungwa yenye skini ndani, na kasha moja sokoni lilikuwa senti tatu za dola.

Hapo ndipo nilipopata somo la kwanza, sema sikulielewa. Soko la ndani la Steam, duka la magemu la Valve mtandaoni, linakata asilimia 15: tano za Steam na kumi za gemu. Kwa kitu cha senti tatu, hayo makato hayawezi kuwa chini ya senti moja kila upande. Mnunuzi analipa tatu, wewe unapata moja. Nilicheza miezi na miezi nikafikisha dola mbili na senti kumi na moja, nikaona nimetoboa. Nikaanza kutafuta kitufe cha kutoa pesa. Nilitafuta usiku mzima. Hakipo. Pesa ikishaingia kwenye pochi ya Steam, inanunua vitu vya Steam basi, kama kibarua anayelipwa kwa kuponi za duka la bosi. (Na yale makasha ya senti tatu? Baadhi yake miaka michache baadaye yalipita dola moja kila moja. Nisiyahesabu niliyouza, nitaumwa bure.)

Ili upate pesa ya kushika, lazima uuzie nje, kwenye tovuti za watu wengine, ambako mnunuzi anatoa dola za kweli na wewe unampa kitu ndani ya gemu. Na masharti ya Steam hayaitambui biashara hiyo. Kwa maandishi yao, hata hiki kisu ninachojivunia si mali yangu, nimepewa ruhusa tu ya kukitumia. Ukizinguliwa huko nje, hakuna polisi wa kumpelekea kesi.

Kilichonibakiza kwenye hii kitu ni mama, na yeye hajui kwamba ndiye aliyenifundisha.

Kila skini inazaliwa na namba kati ya 0 na 1, namba ya uchakavu. Chini ya 0.07 inaitwa Factory New, mpya kabisa. Kuanzia hapo hadi 0.15 ni Minimal Wear, kisha Field-Tested hadi 0.38, Well-Worn hadi 0.45, na kilichobaki chote ni Battle-Scarred, yaani iliyochubuka mpaka chuma kinaonekana. Siku niliyoelewa hivyo nilicheka peke yangu. Hizi ni gredi! Gredi A, gredi B, na ile mama anaiita "ya kufungia vitumbua". Nimekulia chini ya meza ya mama nikiona anavyogeuza kola, ananusa kwapa, anavuta mshono wa suruali kwa kidole gumba, anatupa huku na huku bila kuongea. Nilikuwa na miaka tisa najua koti lenye zipu ya YKK lisiwekwe kwenye fungu la buku.

Nikamweleza. Nikamwambia mama, kule kwetu namba ya uchakavu haibadiliki, unaweza kuitumia bunduki miaka kumi na isichakae zaidi ya ilivyozaliwa.

"Nguo isiyochakaa," akasema. "Sasa mteja atarudi kufanya nini?"

Kuna bunduki moja ya kudungulia, AWP, ina skini nyeupe na machungwa inaitwa Asiimov. Ile imewekewa kiwango: uchakavu wake unaanzia 0.18. Maana yake hakuna Asiimov mpya duniani. Zote zimezaliwa mtumba. Halafu ajabu yake: ukifika mwisho kabisa wa uchakavu, juu ya 0.96 hivi, darubini yake inakuwa nyeusi tii, na watu wanailipia zaidi kuliko Battle-Scarred ya kawaida. Hilo halikumshangaza mama hata kidogo. Anauza jinzi zilizochanika magoti bei juu kuliko nzima tangu mimi niko msingi.

Kuna nyingine, Case Hardened, yenye mabaka ya bluu na dhahabu. Mabaka yanakaa tofauti kwa kila namba ya mkato, kama kitenge kimoja kilichokatwa na mafundi mbalimbali: mmoja ua linaangukia kifuani, mwingine linaishia kwapani. Mkato namba 661 kwenye AK-47 unaweka karibu sehemu yote ya juu ya bunduki bluu tupu. Mmoja wa mkato huo, wa hali mpya kabisa, uliripotiwa kuuzwa zaidi ya dola milioni moja mwaka 2024. Pesa za madafu weka mwenyewe, mimi kikokotoo changu kiliandika herufi.

Na hapo ndipo vijana mnapopotelea, kwa sababu mnasikia ya milioni moja mnakimbilia kufungua makasha. Acheni. Kufungua kasha unanunua ufunguo, dola 2.49. Mwaka 2017 sheria za China ziliwalazimisha wenye magemu huko kutangaza uwezekano, na tukajua: kisu au glavu ni asilimia 0.26. Mara moja katika mara 385. Piga hesabu, funguo 385 ni zaidi ya dola 950, hujanunua makasha yenyewe, na kisu utakachopata chaweza kuwa cha dola tisini. Karibu makasha manane katika kumi yanakutolea skini ya daraja la bluu, la chini kabisa, ya senti.

Mama naye hununua asichokiona. Belo linafungwa huko Ulaya au China, wewe unaona nailoni na mikanda. Lakini belo baya kabisa bado lina nguo arobaini za kuuza buku buku ukarudisha nusu ya mtaji. Kasha baya halirudishi hata nauli ya daladala. Lile si belo. Lile ni mkeka, tena mkeka wa timu kumi na nane.

Kwa hiyo mimi sifungui. Ninachofanya ni kile mama anachofanya saa kumi na moja alfajiri: napita kwenye malundo ya watu wengine natafuta kilichowekwa fungu lisilo lake. Mtu kaweka AK ya kawaida bei ya kawaida, hajaangalia kwamba namba yake ya uchakavu ni 0.151, yaani imekosa gredi ya juu kwa unywele, na macho hayawezi kuitofautisha. Mwingine kabandika stika ya zamani kwenye bunduki ya dola nne na hajui stika ile ni ya mashindano gani. Stika za mashindano ya Katowice, Poland, ya 2014, zile chache zinazong'aa, ambazo hazijabandikwa, zinauzwa makumi ya maelfu ya dola. Sijawahi kushika hata moja. Nimeshika za mwaka uliofuata, nikapata dola saba, nikamnunulia mama chipsi kuku.

Hiyo ndiyo kazi. Saa tatu nne za usiku, macho mekundu, bando linaisha, na ule mgao wa umeme wa 2022 na 2023 ulikuwa unakata katikati ya kitu. Nina daftari. Mwezi wangu bora kuliko yote ulikuwa dola 210. Kuna miezi mitatu mfululizo imeandikwa sifuri, na mmoja umeandikwa kwa peni nyekundu.

Ule wa peni nyekundu ni Juni 2020. Jamaa niliyekuwa nacheza naye miezi kadhaa aliniandikia: "Kaka tupigie kura timu yetu." Nikafungua kiungo, ukurasa wa kuingia ukafanana na wa Steam kila kitu mpaka nukta, nikaweka nywila na ile namba ya siri inayokuja kwenye simu. Hakuna kilichotokea. Nikasahau. (Huyo jamaa mwenyewe alikuwa ameshaibiwa akaunti, niliyekuwa naongea naye si yeye.)

Wiki mbili baadaye nauza Asiimov. Nimepata mnunuzi, tumekubaliana, natuma. Kumbe wale walioiba nywila walifungua ufunguo wa programu kwenye akaunti yangu, na walikuwa wanaona kila ninachotuma. Sekunde ileile roboti lao likafuta ofa yangu ya kweli, likajibadili jina na picha likawa kama mnunuzi wangu, likaleta ofa inayofanana. Simu ikaniuliza, unathibitisha? Nikathibitisha. Dola 86, saa nane usiku, na kidole kilichobonyeza ni changu. Nilikaa kwenye kiti kile mpaka adhana ya alfajiri.

Tangu hapo kabla ya kuthibitisha naangalia akaunti ya mtu ilifunguliwa mwaka gani na iko daraja gani. Jina na picha vinaigika. Umri wa akaunti hauigiki.

Sasa nifike kwenye moto, maana hapo ndipo nyumbani walipoacha kuniita mtoto wa magemu.

Januari 16, 2022, Jumapili, soko la Karume liliteketea. Simu ya kwanza ilipigwa tukiwa bado tumelala. Tulipofika mama hakuingia ndani, hakulia, alisimama upande wa barabara amekunja kanga mkononi, akawa anahesabu kwa sauti ndogo: mabelo mawili yaliyofunguliwa, moja halijafunguliwa, meza, turubai, mizani ya jirani aliyoazima. Mkopo wa kikoba ulikuwa na wiki tano.

Mimi nilikuwa na kisu. Huntsman, nilikipata kwa kubadilishana na kuongezea kidogo kidogo kwa miaka miwili, kuanzia bunduki ya dola tatu. Kwenye soko la Steam siku ile bei yake ilikuwa dola 240. Dola ilikuwa kama 2,300, kwa hiyo kichwani nilikuwa na shilingi 552,000, na nikamwambia mama mbele ya shangazi: usiwe na wasiwasi, nina laki tano na nusu.

Haya, tufuate hizo laki tano na nusu.

Dola 240 ni bei ya kuponi, ya pochi ya Steam isiyotoka. Nje, kwa pesa ya kweli, kisu kilekile kilikuwa kinakwenda 175, kwa sababu kila mtu anajua kuponi si pesa. Nikauza 175. Tovuti ikala asilimia tano, ikabaki 166 na robo. Sasa uitoeje? Akaunti ya PayPal, ile huduma ya kulipana mtandaoni, kwa Tanzania wakati ule ilikuwa inakuruhusu kulipa, kupokea haikuruhusu. Mwenzako wa Nairobi alikuwa anapokea na kuhamishia M-Pesa, wewe wa Dar unaangalia. Ikabidi nitoe kwa USDT, sarafu ya kidijitali inayofuata dola, makato dola moja. Kisha nimtafute Mtanzania anayeitaka USDT, aninunulie kwa shilingi kwa simu. Na Benki Kuu ilishatangaza tangu Novemba 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini, kwa hiyo ukitapeliwa hapo katikati, pole yako. Ndiyo maana sitamwelekeza mtu hatua kwa hatua. Nimesimulia nilivyofanya mimi, sijakutuma.

Mnunuzi wa kwanza alinitumia meseji ya M-Pesa nzuri kabisa, jina langu, kumbukumbu namba, kila kitu. Nikaangalia salio. Halijasoma. Nikamwambia halijasoma, akasema mtandao unasumbua wewe achia tu mzigo kaka, mimi niko safarini. Nikamwambia safari njema. Meseji ilikuwa ya kutungwa.

Wa pili alikuwa mtu mwema, muamala ukasoma: 380,000. Wakala na tozo, tozo zile za miamala zilizoanza Julai mwaka wa nyuma yake, zikachukua zao. Nikafika nyumbani na 370,000 na chenji ya mia tano mia tano.

Mama akazihesabu mara mbili. "Ulisema laki tano na nusu."

Nikamweleza kama nilivyowaeleza nyinyi. Alisikiliza yote, Steam, tovuti, sarafu, wakala. Nilidhani ataniona tapeli.

"Kumbe na huko kuna madalali," akasema, akazifunga kwenye pindo la kanga. Belo la nguo za watoto lilikuwa 360,000. Alianzia chini, kwenye turubai ya kuazima, kabla vibanda havijajengwa upya.

Kuanzia siku ile sisemi "nina kitu cha dola fulani". Nasema bei mkononi. Ukiniandikia kwamba una skini za dola mia nne, nitakuuliza: mia nne za wapi? Ondoa robo au zaidi kwanza ndipo tuongee.

Na msinitajie ile gemu iliyovuma Ufilipino. Mwaka 2021 Axie Infinity ilikuwa imefika mpaka huku. Unanunua vijinyama vitatu kwa mamia ya dola, vinapigana, unalipwa sarafu ya kidijitali inaitwa SLP. Binamu yangu alinishawishi wiki nzima. Katikati ya 2021 SLP moja ilikuwa inagusa senti 35, mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya senti moja, na Machi 2022 wadukuzi walichota zaidi ya dola milioni mia sita kwenye mtandao wake wa fedha. Mimi sikuingia, lakini si kwa akili. Sikuwa na mtaji. Kila aliyekuwa anaingia alikuwa anaingia ili auze kwa atakayeingia baada yake, hakuna hata mmoja aliyependa kulicheza. Skini angalau kuna mtoto Denmark anaitaka tu kwa sababu ni nzuri, akaivae mbele ya wenzake. Mteja wa mwisho yupo.

Nilikuwa naisema sana hiyo, mpaka Oktoba ya 2025.

Kwenye gemu visu vilikuwa vinatoka kwenye makasha tu, ile asilimia 0.26. Ndicho kilichovipa bei. Usiku wa Oktoba 22, 2025, kwa saa za Marekani, Valve walitoa sasisho: sasa ukiwa na skini tano nyekundu, daraja la chini kidogo ya visu, unaziunganisha unapata kisu au glavu. Huku kwetu ilikuwa asubuhi ya Alhamisi. Niliamka saa kumi na mbili, nikakuta kundi la WhatsApp lina meseji mia tatu na kitu, nikajua kuna msiba.

Kisu changu cha sasa, nilichonunua dola 310, kilikuwa 190 na kinaendelea kushuka. Ndani ya siku moja mbili iliripotiwa kwamba zaidi ya dola bilioni moja na nusu ya thamani ya skini duniani imeyeyuka. Hakuna gari la zimamoto. Hakuna hata moshi. Mtu mmoja ofisini kabonyeza kitufe.

Lakini upande wa pili, nyekundu zilikuwa zinapaa. Zile za bei ya chini, za dola tano sita, zikapita ishirini siku ileile, maana kila mtu anazitaka tano tano. Na mimi, ndugu zangu, nilikuwa na nyekundu kumi na nne. Nilikuwa nazo. Niliziuza Oktoba 17, dola sita sita, jumla 84, nikajipongeza kwa faida ya dola moja kila moja.

Sasa kuna jambo. Julai ile Valve walikuwa wameweka kinga dhidi ya wizi: ndani ya siku saba baada ya kubadilishana unaweza kubonyeza kitufe, ukavirudisha vitu vyote ulivyotoa. Kingekuwepo Juni 2020 ningelia machozi ya furaha. Kwa sababu hiyo tovuti hazikulipi mpaka siku saba zipite. Kwa hiyo Alhamisi ile, siku ya sita, nyekundu zangu zilikuwa kwa mteja lakini mkono wangu ulikuwa bado unazifikia. Nibonyeze, zirudi, dola 84 ziwe karibu 280. Adhabu yake ni akaunti kufungiwa kubadilishana siku thelathini, na tovuti ingenifukuza.

Nilimwambia mama, sijui kwa nini. Alikuwa anakunja nguo. Akanikumbusha koti la kijivu.

Hilo koti alimuuzia kijana mmoja elfu nane. Baada ya nusu saa kijana karudi anacheka, mkononi ana noti ya euro hamsini. Ilikuwa kwenye mfuko wa ndani. Hakurudi kuitoa, alirudi kusimulia, na mama alicheka naye, majirani wote wakacheka, ikawa hadithi ya siku. Jioni hakula.

"Ulimdai?" nikamuuliza.

"Nimdai kwa lipi? Koti nilishamfungia kwenye mfuko."

Sikubonyeza. Msinipambe, zile siku thelathini na kufukuzwa zilikuwemo kwenye hesabu, na sijui ningefanyaje zisingekuwepo.

Tovuti ikanilipa Jumamosi ya tarehe 25. Ningetoa siku ileile. Lakini nikaona mnunuzi wa USDT anatoa bei ndogo, nikasema nisubiri Jumatano ipite, uchaguzi uishe, bei itakuwa nzuri. Jumatano, Oktoba 29, intaneti ikazimwa nchi nzima. Yaliyotokea Dar siku zile ni makubwa kuliko visu vya kwenye kompyuta na sitayachanganya hapa. Nitasema tu kwamba tarehe mosi ilikuwa ya kodi, mwenye nyumba alikuja kupiga hodi mchana kwa sababu jioni hakuna kutoka, na nilikuwa na pesa yake mahali ambapo hata mimi sipafikii. Mama alitoa kwenye pindo la kanga.

Mtandao ulirudi Jumatatu, kwa kusuasua. Jumanne nikauza. Dola 84, toa asilimia tano, toa dola moja, zidisha. Muamala ulisoma saa kumi na moja jioni: laki moja na tisini na tatu elfu. Nikamrudishia mama yake.

Kisu bado ninacho. Sijakiuza kwa sababu za kijinga, nasubiri kirudi, kama mtu aliyebaki na makoti ya baridi anasubiri Dar ipige barafu.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kumbebea mama belo. La makoti na jaketi, mchanganyiko. Tukalishusha kwenye meza, akaomba wembe kwa jirani, akakata mkanda wa kwanza, wa pili, nailoni ikapumua ile harufu yake ya dawa. Akaingiza mkono, akavuta koti la juu kabisa, la bluu. Hakugeuza kola, hakuvuta mshono. Alianza na mifuko.